Glasi ya Chai Juu ya Injini

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, uliyefika mapema hata ukatukuta bado tunafagia. Mchungaji Hiram, utakayetuombea, na tunakusihi uombe kwa ufupi kwa sababu mimi sitakuwa mfupi. Bwana Shoaib wa duka la spea, jirani yetu na mtesi wetu. Wateja wetu mliotoka Ahero, Katito na Sondu. Mafundi wote mliooga leo. Majirani zetu wa Obunga, mliokuja kwa kadi na mliokuja kwa harufu ya pilau. Mabibi na mabwana, hamjambo. Na wewe Mama Awuor, mke wa mstaafu wetu, nimekutaja mwisho kwa itifaki tu. Kwa haki ungetajwa wa kwanza, maana sisi tulikaa na Bwana Oketch mchana, tukamrudisha kwako jioni akiwa amechoka na ana maneno.

Kwa wasionijua, mimi ni Urmila, mjane wa marehemu Manubhai aliyefungua gereji hii ya kufufua injini. Wengi hapa mnaniita Mama Vivek, na hilo jina nalipenda. Nimepewa kazi ya kumuaga fundi wetu mkuu. Vijana wa itifaki waliniomba niseme maneno machache kwa sababu mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Nimewaambia mvua ya Kisumu inamjua Bwana Oketch, itamngoja. Leo nitasema mengi, na mtakuja kujua kwa nini.

Bwana Oketch, naona unakiangalia kile kiti kitupu kando ya mkeo. Ndiyo, ni cha binti yako Awuor. Ana kazi ndogo, atakuja. Na hiyo sauti mnayosikia nyuma ya stoo, kama ile bunduki ya upepo ya kufungulia nati, hiyo ni ya jirani. Bwana Oketch, kaa chini. Leo wewe ni mgeni, na mgeni haendi kuangalia nyuma ya stoo.

Ndugu wageni waalikwa, alipofika hapa Bwana Oketch alikuwa kijana mwembamba, ana sanduku la spana na hana shaka yoyote. Sanduku lilizeeka, likatupwa. Shaka mpaka leo haijaja. Marehemu mume wangu alimuuliza, "Unajua injini za dizeli?" Naye akajibu, "Mzee, uliza hizo injini kama zinanijua mimi." Manubhai alicheka mpaka akavua miwani, na kazi akampa hapo hapo.

Na injini zilimjua kweli. Nani hapa hajawahi kuletewa gari lake likinguruma taratibu, baada ya mafundi wa mji mzima kusema liuzwe chuma chakavu? Miaka ile spea zilikuwa hazipatikani, na Bwana Shoaib alipokuwa akituambia "ngojeni meli", mtu huyu alikuwa hangoji meli. Alikuwa anachonga, anajaza, anachomelea, na gari linaenda. Wako watoto waliofika hospitali kwa magari yaliyofufuliwa na mikono hii, na leo ni watu wazima wamekaa kwenye viti hivi. Nasema hivyo mapema, ili nitakapoanza kumchokoza msije mkasema Mama Vivek hana shukrani.

Sasa, mstaafu wetu ana desturi mbili, na gereji nzima inaishi chini yake.

Ya kwanza ni boliti ya krenki. Kwa wale ambao si mafundi: ndani ya tumbo la injini kuna mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni, huo ndio krenki, na mbele yake inafungwa puli inayozungusha mikanda. Puli hiyo inashikwa na boliti moja kubwa ya katikati. Katika gereji hii unaweza kufunga kila kitu, unaweza kufunga injini yote kuanzia sampu, bakuli la oili kule chini, mpaka kifuniko cha juu, lakini boliti ya krenki huigusi. Anaikaza fundi mkuu. Hata Vivek, mtoto wangu wa kumzaa, mrithi wa jengo hili, siku moja aliikaza mwenyewe, akaambiwa mbele ya mteja, "Fungua. Rudisha vile ulikuta." Alifungua. Mimi nilikuwa dirishani, nikavuta pazia, kwa sababu hata mimi naogopa.

Ya pili ni glasi. Injini ikishafungwa na kuwashwa, Bwana Oketch anaitisha chai. Si ya kunywa. Anaijaza glasi mpaka mdomoni, anaiweka juu ya kifuniko cha injini inayozunguka, anakunja mikono, na watu wote wanyamaze. Chai ikimwagika, injini inafunguliwa upya. Chai ikitulia, anainywa hapo hapo mbele ya mteja, kisha anajisifu, vile watu wanavyojisifu kwenye pakruok, zile sifa za ngoma za Wajaluo, muziki ukisimamishwa: "Mimi Oketch wa Nyakach, mkono unaolaza vyuma usingizi." Mteja anapiga makofi. Wako wateja wanaokuja kuangalia glasi tu, magari yao hayana ubaya wowote.

Je, kipimo hicho ni kibaya? Hapana. Injini inayotikisika utaiona kwa glasi mara moja. Shida ni kwamba glasi inakaa juu ya injini, haikai juu ya krenki.

Na hapo ndipo tunamfikia rafiki yetu Wabwire, yule pale mwenye shati la maua, anayebeba kabichi na nyanya kutoka soko la Sondu. Wabwire alituletea gari lake puli ya krenki ikiwa imechoka. Puli ile si chuma kitupu, jamani. Ina kitovu ndani, ina bangili nzito nje, na katikati kuna mpira unaovishikanisha. Mpira ulikuwa umezeeka, bangili inateleza, mkanda unalia kama paka. Bwana Oketch aliutazama ule mpira kwa dharau. Akasema mzungu aliyeweka mpira katikati ya chuma alikuwa amemaliza chuma. Akachukua welding, akashikanisha kitovu na bangili kuwa kitu kimoja, akapiga msasa, akapaka rangi. Glasi ikawekwa, chai ikatulia, makofi yakapigwa. Krenki ikavunjika karibu na Sondu.

Basi, chuma kinaweza kuwa kibaya. Tukaweka krenki nyingine, na puli ile ile. Chai ikatulia. Safari hii krenki ilikatika Wabwire akipanda ule mlima wa juu ya Sondu, na mzigo umejaa. Mikanda ikaruka na puli, pampu inayosaidia breki ikasimama, na gari likaanza kurudi nyuma likiwa na breki ngumu kama jiwe. Wabwire aliliingiza kwenye shamba la mahindi la watu. Yeye alitoka salama, tunamshukuru Mungu. Kabichi zilifika Sondu peke yazo. Leo tunacheka, na yeye anacheka, lakini siku ile aliponipigia simu aliulizia Mchungaji kabla ya kuulizia fundi.

Bwana Oketch alitoa sababu. Alisema ni oili. Kisha akasema ni barabara. Kisha akasema, na hapa namnukuu, "Huyo Wabwire anaendesha kama mtu anafukuzwa." Wabwire, msamehe, alikuwa na msiba wa glasi yake.

Wakati huo ndipo Awuor alirudi kwetu kutoka chuoni. Huyu mtoto alijifunza kutembea kwa kushika magurudumu ya gereji hii, na aliporudi akiwa mhandisi aliomba chumba kimoja tu, kile cha pembeni kilichokuwa cha kuwekea matairi, akakifanya chumba cha majaribio. Mimi nilimuuliza, unataka kupima nini ambacho baba yako hajapima kwa chai? Akanifuata jikoni, akachukua kitambaa changu cha kufutia vyombo, akakilowesha, akanipa ncha moja. Akasema, "Mama Vivek, kamua." Tukakamua, yeye huku, mimi kule. Kisha akasema, "Sasa legeza. Kamua tena. Legeza." Akaniambia hivyo ndivyo krenki inavyoishi. Pistoni hazisukumi kwa upole, zinapiga teke, moja baada ya nyingine, na kila teke linausokota mhimili kidogo, kidogo ambacho jicho haliwezi kuona, kisha chuma kinajirudi. Na kila krenki ina mwendo wake mmoja wa wazimu, ambapo teke linakuja pale pale chuma kinapojirudi, halafu lingine, halafu lingine, na msokoto unakua badala ya kupungua. Injini kwa nje imetulia kabisa. Unaweza kunywa chai juu yake. Ndani, mhimili unakamuliwa.

Nikauliza, na ule mpira? Akasema ule mpira ndio kazi yenyewe. Krenki ikijisokota ghafla, ile bangili nzito inachelewa kuifuata, na mpira ulio katikati unavutwa huku na huku, unaumeza ule msokoto, unaugeuza joto, basi. Puli inapata joto kidogo na krenki inaishi. Ukichomelea bangili na kitovu pamoja, hakuna wa kumeza.

Wageni wangu, nilipoelezwa hivyo nilifikiria nyumba za watu. Je, si kila nyumba ina mtu mmoja anayekaa katikati ya wawili wagumu, akimeza maneno ya huyu na maneno ya yule, bila kupigiwa makofi na mtu? Mama Awuor, mbona unainama? Sijataja jina.

Awuor akaleta injini ya namna ile ile ya Wabwire, akafunga gurudumu la meno mbele ya krenki, na kifaa kidogo cha kuyasoma meno yanavyopita. Meno yakipita kwa zamu sawa, mhimili umetulia. Mengine yakitangulia na mengine yakichelewa, mhimili unajisokota, na kompyuta inachora ni kiasi gani. Akajaribu na puli ya mpira mzima, mchoro ukawa kichuguu. Akajaribu na puli iliyochomelewa, na kwenye mwendo ule ule ambao gari linautumia kupanda mlima na mzigo, mchoro ukapanda mpaka juu ya kioo. Baba yake alikuwa amesimama hapo na glasi mkononi. Aliitazama ile picha, akasema, "Hiyo TV yenu inaonyesha milima. Mimi ni mtu wa Nyakach, milima nimeona." Akatoka na chai yake.

Tangu siku hiyo hajaingia kile chumba. Si hivyo tu. Njia fupi ya kwenda chooni inapita mlangoni pake, na mstaafu wetu, mtu mzima mwenye goti bovu, anazunguka jengo lote, mvua na jua, apitie kwenye rundo la matairi, asipite mlango wa binti yake. Mafundi, mnacheka nini? Ninyi ndio mlikuwa mnamsogezea matairi.

Nyumbani wanasalimiana. Wanaulizana kama wamekula. Injini hawazizungumzi, na hao ni watu wawili ambao hawajui kuzungumza kitu kingine. Yote yanapita kwa mama. Mwambie baba yako. Mwambie mtoto wako. Na mpira nao, ndugu zangu, huchoka.

Sasa mtaniuliza, Mama Vivek, haya ya Wabwire yamekwisha, alishapata puli mpya, kwa nini unamwaga mchele wetu mbele ya Mheshimiwa? Nitawaambia. Bwana Oketch ana pikapu yake ya bluu, wote mnaijua. Na puli ya pikapu hiyo aliichomelea mwenyewe, na mara zote alipoambiwa na binti yake aibadilishe, alijibu kupitia kwa mama, "Mimi naendesha kile nachomelea." Hapa mjini haina neno. Kutoka Obunga kuja gereji na kurudi, gari halina mzigo, mwendo ule wa wazimu halifiki. Lakini leo mzee anahamia nyumbani, na nyumbani kwake ni juu ya mlima ule ule wa Sondu. Atapanda na mbolea, atapanda na mawe ya kujengea, atapanda na mahindi. Na leo, baada ya pilau, atapanda na vitanda, kabati na masufuria, na kwenye kiti cha kushoto atakaa Mama Awuor.

Wiki nzima Mama Awuor amekuwa akija kwangu. Hakusema anaogopa. Aliniuliza tu kama kuna basi linalofika kule juu. Mwanamke aliyemfuata mume wake kila mahali, sasa anauliza habari za basi. Bwana Oketch, hilo lilinichoma, na nakwambia mbele ya watu kwa sababu tukiwa wawili hunisikilizi.

Wewe ni kaka yangu. Siku Manubhai alipofariki, ulipita kila karakana ya barabara hii ukawaomba wazime mashine, na wote wakazima, hata wale tusiosalimiana nao. Ndiyo siku pekee niliyosikia ndege kwenye barabara hii. Sijawahi kukushukuru vizuri kwa hilo, na leo nashukuru. Kwa hiyo usinitegemee nikae kimya nikikuona unapanda mlima na rafiki yangu ndani ya gari ninalolijua lilivyo.

Ile sauti ya jirani imenyamaza, mmesikia? Jirani hayuko, alifunga tangu asubuhi. Awuor, njoo mbele, usijifiche kando ya stoo. Mheshimiwa, huyo ndiye mhandisi wetu, na gauni alilovaa kwa ajili ya sherehe naomba tusilizungumzie.

Bwana Oketch, nimezungumza muda wote huu ili binti yako afungue injini ya pikapu yako huko nyuma ya stoo. Funguo alitoa Mama Awuor kwenye mkoba wake, na hakuombwa mara ya pili. Puli yako ya kuchomelea imetoka, iko ndani ya boksi hilo lenye utepe mwekundu, uiweke sebuleni ujisifie. Mahali pake imeingia puli mpya yenye mpira wake, zawadi kutoka kwetu sote, iliyoagizwa na Bwana Shoaib, ambaye kwa mara ya kwanza katika historia ya duka lake alileta kitu siku aliyosema.

Una haki ya kukasirika, tumegusa gari la mtu. Lakini sikiliza kwanza kitu kimoja. Boliti ya katikati haijakazwa. Imeshikizwa kwa vidole tu. Nilimwambia Awuor aimalize, mvua inakuja. Akakataa. Alisema katika gereji hii boliti ya krenki inakazwa na fundi mkuu, na fundi mkuu ni baba mpaka sherehe hii iishe. Na nikwambie ambalo yeye hajawahi kukwambia: alipoanza kazi hapa alizipima kwa siri boliti ulizokaza kwa mkono, kwa spana yake ya kipimo, ile inayosoma nguvu ya kukaza, akitafuta kosa. Hakupata hata moja iliyolegea. Aliniletea habari hiyo jikoni huku anacheka na machozi yanamtoka, na nikamuuliza kwa nini usimwambie, akasema, "Atajisifu mpaka Krismasi." Basi jisifu. Tumekupa ruhusa.

Na kuna jambo lingine utaliona ukiinama pale mbele. Awuor amechora mstari mweupe wa rangi kwenye puli, mmoja mnyoofu, kutoka kwenye kitovu, kupita juu ya mpira, mpaka kwenye bangili. Hauhitaji kompyuta. Kila asubuhi, kabla hujapima oili, fungua boneti uutazame. Ukiwa mnyoofu, mpira unafanya kazi. Siku bangili ikianza kuteleza, mstari utakatika katikati, na jicho lako hilo litauona kabla ya mtu yeyote. Amekutengenezea kipimo cha jicho, kwa sababu anajua TV yake huiamini. Glasi yako pia ipo, chai imejazwa. Iweke juu ya injini kama kawaida. Itatulia kama ilivyotulia na puli ya kuchomelea, hutaona tofauti yoyote, na sisi tuliobaki tutalala.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kile chumba cha pembeni kina viti viwili, na kimoja hakijawahi kukaliwa. Mstari ukikatika, Bwana Oketch, rudi Kisumu tuutengeneze. Na usipokatika, rudi pia.

Mheshimiwa, Mchungaji, wageni wangu wote, ero kamano, asanteni kwa kunivumilia mpaka mwisho. Bwana Oketch, spana anayo Awuor.